Chaja Iliyoungulia kwenye Mashine ya Alizeti

Chaja ikiwekwa mezani pako, inuse kabla ya kuipima. Najua vyuoni mmefundishwa kwamba fundi hupima, na ni kweli, lakini pua haiishiwi betri. Chaja iliyokufa kwa uzee hainuki kitu. Iliyokufa kwa umeme mwingi hunuka kama samaki aliyesahauliwa kwenye kikaango, na harufu hiyo hung'ang'ania ndani ya plastiki hata ukiianika uani. Ukiisikia, usiamini kwamba tatizo limeishia kwenye chaja. Umeme uliomuua mlinzi wa mlango huenda umeshafika chumbani.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na macho makali na video za kuwaelekeza kwenye simu. Mimi nimestaafu kabla ya umri wa kuitwa mstaafu. Macho yangu hayaioni tena ncha ya chuma cha kulehemu pasipo kuvaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na mteja akikukuta katika hali hiyo huondoka na kompyuta yake kimya kimya. Kwa hiyo duka nimeliacha, na kilichobaki mikononi mwangu ni mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. Sitayapanga kwa miaka. Nitayasimulia kwa kumfuata mteja mmoja, kwa sababu karibu kila nilichokijua kuhusu kompyuta inayokataa kuwaka kilihitajika siku alipokuja yeye.

Kwanza mjue nilivyofika mezani hapo. Chuo kikuu nilisomea historia. Nilirudi Singida mjini wakati serikali ilikuwa imekwisha kuacha kumwekea kila mhitimu kiti na meza. Mashirika yalikuwa yakiuzwa, na neno lililokuwa kila mdomoni ni soko huria. Soko hilo lilinisukuma mimi mpaka kwenye benchi la Mzee Hamadi, fundi redio wa karibu na soko kuu, ambaye babu yake alitoka Pangani kufuata biashara ya ngozi akaoa huku na kusahau kurudi. Soko hilo hilo lilituletea shehena za kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika kwa watu Ulaya, pamoja na chaja za kila rangi zisizojulikana zimezaliwa wapi. Zilikuwapo chaja zilizowekewa kipande cha chuma ndani ili ziwe nzito mkononi na zionekane za maana. Nilipasua moja nikakikuta chuma hicho kimegandishwa kwa gundi, hakijaunganishwa na kitu chochote. Mzee Hamadi alikichukua akakitumia kukandamizia karatasi mpaka alipoacha kazi kwa sababu ya uzee.

Mama yangu hakufurahi. Alikuja dukani wiki ya kwanza, akasimama mlangoni na kanga yake ya kutokea, akanitazama nikiyeyusha risasi ya kulehemu kwenye redio.

"Shemeji Hamadi," akasema, "mtoto huyu nimemsomesha mpaka chuo kikuu. Leo anashika waya?"

"Mwache, mama," akajibu Mzee Hamadi. "Si amesoma kuuliza kitu gani kilitangulia na kipi kikafuata? Redio nayo inataka hivyo hivyo. Mafundi wengi wanajua kufungua, kuuliza hawajui."

Mama aliondoka bila kushawishika. Wateja nao walichukua muda. Mtu aliingia, akanipita kama anavyopita kiti, akauliza: "Dada, fundi yuko wapi?" Mzee Hamadi, pasipo kuinua macho, alikuwa akijibu: "Unaongea naye." Baada ya mwaka alichoka na jibu hilo, akawa anasema: "Fundi ndiye huyo. Mimi napasha moto kiti tu."

Sasa mteja wangu. Aliingia dukani siku ya Jumanne kabla ya adhuhuri akiwa ameshika bega la mama yake mzazi. Mama alitangulia, mfupi, mwenye kikapu kichwani. Yeye alifuata, mrefu, suti ya kahawia, fimbo nyeupe imekunjwa kwapani. Alikuwa Mwalimu Ntandu, asiyeona tangu utotoni, mwalimu wa historia katika sekondari moja upande wa Mtinko. Ndani ya kikapu, imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga, mlikuwa na kompyuta mpakato, chaja yake, na betri iliyotolewa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Karibuni. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi ni wewe?" Alikuwa mteja wa kwanza aliyenitambua bila kusaidiwa. Baadaye aliniambia kwamba alisikia sauti ya mita ikiwekwa mezani upande ilipotokea sauti yangu, akajumlisha.

"Ni mimi. Imefanya nini?"

"Imekufa," akasema mama yake.

"Haijafa, mama. Haiwaki," akasema Mwalimu. "Fundi wa kule stendi anasema bodi imeungua yote na anataka nimwachie kwa ajili ya vipuri. Nimekataa."

Niliinua chaja, nikainusa. Samaki.

Mzee Hamadi alikuwa na kanuni moja iliyonisumbua sana mwanzoni. Hukuruhusiwa kugusa bisibisi mpaka mwenye mali amalize kusimulia, na akimaliza unamwambia arudie. Alisema mara ya kwanza mtu husimulia kilichofanywa na mashine, mara ya pili husimulia alichofanya yeye. Nikavuta kiti, nikamwomba Mwalimu asimulie.

"Pale kwetu hakuna umeme wa nguzo," akaanza. "Tunachajia kwenye mashine ya kukamua alizeti. Jenereta inaendesha mashine, na mwenye mashine ameweka soketi ukutani, simu zote za kijiji zinaning'inia pale kama popo. Ila ipo desturi yake. Mashine ikiwa inakaribia kuzimwa, mkamuaji anapiga kelele, 'Chomoeni,' na kila mtu anakimbilia cha kwake. Anajua kwamba mzigo ukiondoka ghafla, jenereta inapandisha umeme."

"Anajua sana," akasema Mzee Hamadi kutoka kwenye kiti chake.

"Basi siku ile hakuna aliyepiga kelele. Mkanda wa mashine ulikatika wenyewe. Nikasikia injini ikipanda, kama lori lililomaliza mlima. Chaja ikatoa mlio mwembamba, wa mbu, halafu ikafanya 'tap'. Nilipoigusa ilikuwa ya moto, na mlio umekwisha. Kompyuta nayo kimya. Basi, ndiyo hivyo."

"Rudia, mwalimu," nikasema. "Baada ya hapo."

"Baada ya hapo nikaja huku."

Mama yake akakohoa.

"Baada ya hapo," akasema Mwalimu polepole, "mwenye duka jirani alileta chaja ya kwake. Tukajaribu. Alisema inaingia."

Vijana, neno hilo mtalisikia maisha yenu yote. Inaingia. Watu wanaamini kwamba chaja ikiingia kwenye tundu basi imekubaliwa, kana kwamba tundu ndilo linalochagua. Tundu halichagui kitu. Soma maandishi yaliyo nyuma ya chaja: volti ngapi, na ncha ya ndani ni chanya au hasi, kisha soma chini ya kompyuta uone inataka nini. Volti zikipungua, mara nyingi utapata ukimya tu. Zikizidi, au chanya na hasi zikipishana, utapata harufu ya pili. Ya jirani ilikuwa na volti pungufu. Tulibahatika.

"Na betri?" nikauliza. "Kwa nini imetolewa?"

Hapo mama akajibu mwenyewe. "Betri niliianika."

Mzee Hamadi aliweka kikombe chake cha kahawa chini. "Wapi, dada yangu?"

"Kwenye mkeka, pamoja na uwele. Juu ya bati niliogopa, ingeungua."

"Kuku hawakuidonoa?"

"Mmoja alijaribu, akaona haina maana."

Tulicheka sote, na Mwalimu alicheka kuliko sisi. Lakini sikumcheka mama. Nani katika mkoa huu hajaanika betri? Betri za redio zikichoka, unazitoa, unazipanga juani asubuhi, na jioni redio inapata nguvu za kusoma taarifa ya habari walau nusu. Kwa betri zile kavu joto lilisaidia kidogo, na ndiyo maana watu wenye akili zao walifanya hivyo miaka nenda rudi. Ila betri ya kompyuta si ndugu yao. Jua huitafuna, na ikivimba inaweza kuwaka moto. Nilimweleza mama hivyo, kisha nikaipapasa ubavu mzima kutafuta uvimbe. Haikuvimba. Nilipoipima nikakuta bado ina uhai, kwa hiyo nikaiweka kando.

"Mwalimu," nikasema, "mashine hii nitaitazama, lakini siwezi kukuahidi kwamba utaondoka nayo leo. Kwa nini usiiache mpaka Jumamosi?"

Mwalimu aliikunjua fimbo yake, akaikunja tena.

"Alhamisi wakaguzi wanakuja darasani kwangu," akasema. "Nikueleze, ili usidhani nina haraka ya bure. Zamani nilifundisha kwa kusomewa. Mwalimu mwenzangu ananisomea kitabu jioni, mimi naandika kwa nukta nundu za kupapasa, asubuhi nafundisha. Mkuu wa shule akasema huo ni mshahara wa watu wawili kwa kipindi kimoja. Akataka niondolewe kidato cha nne, nirudishwe wilayani nipangiwe kazi nyingine. Ipi, hakusema. Ndipo rafiki yangu niliyesoma naye akanipatia hii. Inasoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Nimeandaa maandalio yangu yote humo, na mitihani, na maelezo ya mada. Hakuna mtu anayenisomea sasa. Mkuu hajaamini, ndiyo maana ameita wakaguzi waje waone. Wakinikuta Alhamisi nimesimama mikono mitupu, watakuwa wameona alichotaka waone."

Mama yake alisema kitu kwa Kinyaturu, chini chini. Sisi ni Wanyiramba, lakini nimekua na watoto wa Kinyaturu, nikamwelewa: alimwambia asijidhalilishe mbele ya watu. Mwalimu akamjibu kwa Kiswahili kwamba mgonjwa anayemficha daktari anapoumwa huzikwa na heshima zake.

"Nipeni viti," akasema Mzee Hamadi, ambaye viti vyote vilikuwa vyake. "Wanakaa hapa. Digrii, anza." Digrii ndilo jina alilonibandika.

Nilianza na jambo rahisi kuliko yote, na ninawaomba msilione dogo. Toa betri, chomoa chaja, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukikishikilia huku ukihesabu taratibu mpaka uchoke. Umeme uliobaki umenasa ndani ya bodi hutoka. Kisha ijaribu kwa chaja nzima peke yake, bila betri. Sikumbuki ni kompyuta ngapi zimefufuka kwa njia hiyo, na wenye nazo walinitazama kama nimewaibia kwa sababu sikufungua hata skrubu moja. Ya Mwalimu haikufufuka. Nilitumia chaja ya dukani iliyokuwa na volti sahihi: hakuna taa, hakuna sauti.

Nikatikisa tundu la chaja kwa upole. Matundu mengi hulegea kwa sababu watu huvuta waya badala ya kushika kichwa chake, na risasi ya ndani inapasuka duara nyembamba usiyoiona mpaka uipe mwanga wa pembeni. La Mwalimu lilikuwa imara. Mtu asiyeona hashiki vitu ovyo. Basi nikafungua.

Hapa nitawapa siri ya mpangilio wa skrubu, maana hakuna aibu kubwa kwa fundi kama kurudisha mashine ikiwa imebaki na skrubu mbili kiganjani. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kompyuta, na kila skrubu ichomeke mahali ilipotoka. Mwalimu alisikia nikizichomeka kwenye boksi akauliza ninafanya nini. Nilipomweleza akasema, "Kumbe nanyi mna nukta nundu zenu."

Karibu na tundu la chaja, umeme unapoingilia, hukaa fyuzi, ndogo kama punje ya ulezi. Pima upande wa kwanza: umeme upo. Pima wa pili: haupo. Fyuzi imekufa, na imekufa ikifanya kazi iliyoajiriwa kuifanya. Wapo mafundi ambao hapo huiruka kwa kipande cha waya, wakaunganisha pande mbili, kompyuta ikawaka, mteja akashukuru. Kuna siku mteja huyo atarudi, na safari hiyo harufu itakuwa ya bodi nzima. Nilitoa fyuzi nzima kwenye bodi ya kompyuta moja maiti tuliyokuwa nayo, nikaihamisha. Mkono ulitaka kuchomeka chaja papo hapo.

"Taa," akasema Mzee Hamadi.

Naomba mkisahau yote, msisahau taa ya Mzee Hamadi. Yeye alikuwa na balbu ya lori, ya volti ishirini na nne, imefungwa kwenye kibao chenye waya mbili. Aliifundisha kazi hiyo kwenye redio na vikuza sauti miaka mingi kabla ya kompyuta kufika Singida. Unaipitisha katikati ya chaja na mashine, umeme upite ndani yake kwanza. Kama ndani ya mashine kuna mahali pamegusana pasipotakiwa, balbu inawaka kwa nguvu zote, na umeme wote unaishia kwake badala ya kuunguza bodi. Kama hakuna, inamulika kidogo kisha inafifia. Mimi nilisoma hesabu za umeme peke yangu jioni, nikamweleza ni kwa nini balbu ile inafanya hivyo. Alinisikiliza kwa adabu, akasema amefurahi kujua kwamba alikuwa sahihi.

Nikaunganisha. Balbu ikawaka kama inataka kuvunjika.

"Imewaka?" akauliza mama, ameinuka.

"Iliyowaka ni balbu, mama. Bado kuna ugonjwa."

Nilipima kitu kimoja kimoja jirani na tundu. Kwenye bodi za namna ile huwapo kidude kidogo cheusi kinachosimama mlangoni. Umeme ukizidi, chenyewe hujiua kwa kuunganisha chanya na hasi, ili fyuzi ikatike na ndani pasalimike. Ndicho kilichokuwa kimeungana. Nilikipasha, nikakinyanyua kwa kibanio, nikakitupa kwenye kifuniko cha soda. Nikaunganisha tena. Balbu ikamulika, ikafifia, ikatulia na wekundu hafifu. Nikaazima kidude kama hicho kwenye bodi ya maiti, nikakipachika, nikapitisha balbu mara nyingine, ikafifia vile vile. Ndipo nikaitoa balbu, nikachomeka chaja moja kwa moja, nikabonyeza kitufe.

Feni ikazunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka ubavuni. Diski ikakwaruza.

Kioo kikabaki cheusi.

Nilisubiri. Nikazima, nikawasha tena. Cheusi. Nikachukua tochi, nikaimulika kwenye kioo kwa pembeni, nikainama mpaka pua ikagusa, na kule ndani nikaona maandishi, membamba kama yaliyoandikwa kwa maji. Nilikwisha kujua. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na taa nyuma ya kioo, na kibodi chembamba (bodi ndogo, si ile ya kuchapia) cha kuiwashia taa hiyo, kinachokula umeme moja kwa moja kutoka kwenye njia kuu. Umeme wa mkanda uliokatika ulikuwa umepita mlangoni kabla mlango haujafungwa, na kibodi hicho kikafa. Kipuri kile Singida hakikuwapo. Kilikuwa cha kuagizwa Dar es Salaam, kije kwa basi, na kwa vyovyote vile kisingefika kabla ya Alhamisi.

Kumwambia mtu habari mbaya ni sehemu ya kazi, nayo ina namna yake. Usimwambie huku umemgeuzia mgongo, wala usianze na maneno ya ufundi. Nilifuta mikono, nikavuta kiti karibu na Mwalimu.

"Mwalimu," nikasema, "nimefika mbali, lakini sijafika. Chaja imekufa, hiyo nitakupa nyingine ya volti zako. Bodi nimeitengeneza. Ila umeme ulifika mpaka kwenye taa ya kioo. Kibodi chake kimeungua na hapa mjini hakipo. Nitakiagiza leo hii. Pole sana. Nimejitahidi, lakini Alhamisi hutakuwa nayo."

Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa meza.

"Hiyo inayozunguka ni feni ya nani?" akauliza.

"Ya kompyuta yako."

"Kumbe imewaka?"

"Imewaka, lakini haina mwanga. Nimelazimika kutumia tochi ndiyo nikaona maandishi."

"Maandishi yapo."

"Yapo, ila hayaonekani. Kioo ni giza kabisa."

"Fundi," akasema kwa upole mkubwa, kama anavyosema na mwanafunzi aliyekaribia jibu, "mwanga huo ulikuwa ni wa nani?"

Mzee Hamadi alianza kucheka kwanza, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, mpaka kofia yake ikahama. Mama alitutazama mmoja mmoja akidhani tumepata wazimu. Mwalimu alikwisha kuingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa spika za masikioni. Nikamwelekeza kidole chake kwenye tundu lake. Akavaa upande mmoja, akapapasa vitufe, akatulia.

Dukani kulikuwa na kelele za jirani muuza kanda, lakini mimi nilikuwa nikimtazama yeye uso tu. Alibonyeza, akasikiliza. Akabonyeza tena. Kisha akavua spika akaninyooshea. Sauti ya kiume iliyofundishwa Kiingereza tupu ilikuwa ikisoma Kiswahili kama mgeni aliyeteremka jana. Ilipofika kwenye "ng'ombe" ilisita kama imekwamwa na mfupa. Ilikuwa ikisoma maandalio ya somo la Alhamisi.

"Ndiyo mwenyewe," akasema Mwalimu. "Hata kukohoa kwake hakujabadilika."

Nikamwambia mwanga nitauagiza hata hivyo, maana sikuzoea kurudisha kazi nusu. Akasema sawa. Nikafunga skrubu, nikarudisha betri, nikampa na chaja. Mama alizungushia kompyuta taulo yake, akaniuliza kama nina hakika betri isianikwe tena, hata kidogo, hata asubuhi. Nikamwambia hata asubuhi. Wakawahi gari la Mtinko.

Yaliyotokea Alhamisi alinisimulia mwenyewe wakati wa likizo, alipopita dukani. Mkuu wa shule aliwaingiza wakaguzi, akaona kioo cheusi mezani, akawaambia kwa masikitiko kwamba kama walivyoona, kifaa chenyewe ni kibovu, hakiwaki. Mwalimu hakubishana naye. Alifundisha kipindi kizima spika moja sikioni, akitaja kurasa, akisahihisha majibu ya wanafunzi kwa kurejea maelezo yake, bila mtu yeyote kumsomea neno. Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, alimwomba athibitishe kwamba hakukariri tu. Ndipo Mwalimu akachomoa waya wa spika, na yule mgeni wa jana akaanza kulisomea darasa zima kuhusu ukoloni. Wanafunzi, ambao walikwisha kumzoea mgeni huyo kwa kuchungulia mlangoni mwa ofisi, walianza kumsahihisha matamshi kwa sauti. Mkaguzi akauliza mwalimu huyu alikuwa akipendekezwa ahamishiwe wapi. Kidato cha nne kilibaki chake.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikavuta droo nikamtolea kibodi cha taa ya kioo. Kilikuwa kimefika siku nyingi, kipya, kwenye mfuko wake. Nikamwambia akae, haichukui muda, nitampachikia sasa hivi.

Akakipapasa pande zote, akanirudishia.

"Mwekee mwingine," akasema. "Zamani nilikuwa naichaji, kufika kipindi cha nne inazima. Tangu kioo kiwe giza, betri inakaa mpaka jioni ya siku ya pili. Siku mbili nzima siendi kwenye mashine ya alizeti."

Hayo hayakuwa yamenipitia akilini, mimi niliyejua vizuri kwamba taa ile ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote. Nikakirudisha kwenye droo. Tulikunywa chai, akanisimulia wanafunzi wake, na alipoondoka alisahau fimbo yake juu ya meza, nikamkimbilia mpaka nje kumpa.

Mtu atakayekaa mbele yenu na kusema "haiwaki," mwacheni amalize, arudie, kisha mwulizeni atakuwa akiitumiaje ikiwaka. Mimi swali hilo nilianza kuliuliza baada ya Mwalimu Ntandu, na limeniokolea kazi nyingi za bure.